Jina Nililoliita Kanisani

Vita vya mwaka 1978 vilipoanza nilikuwa mwinjilisti kijana, na kazi iliyonifanya nijulikane haikuwa kuhubiri bali kuita majina. Malori yaliyokwenda mpakani na kurudi yaliacha barua za vijana wetu kanisani, kwa sababu kanisa lilikuwa na mlango wenye kufuli na mtu wa kusoma. Jumapili, baada ya matangazo, nilisimama mlangoni na bahasha mkononi, nikaita jina la mwenye barua, jina la baba yake na kitongoji chake. Aliyeitwa alisimama. Watu wote walisema "Mungu asifiwe", naye akaja kuipokea kwa mikono miwili. Asipoonekana niliita mara tatu, kisha jirani yake aliichukua kumpelekea.

Hapakuwa na aliyeona vibaya. Waliokosa barua walishukuru pamoja na waliopata, na aliyeletewa msiba hakuupokea akiwa peke yake, kwa kuwa kina mama walikuwa wamemzunguka kabla hajafika mwisho wa ukurasa. Vita vikaisha, tukaendelea hivyo hivyo. Barua za watoto walioko shule za mbali, za wanaume walioko migodini, zote ziliitwa mlangoni. Kwa miaka ishirini niliamini kwamba habari njema ya mtu mmoja ni mali ya usharika mzima. Nasema hili mapema ili anayesoma ajue kwamba nililolitenda baadaye sikulitenda kwa chuki wala kwa uzembe. Nililitenda kwa furaha, na ndiyo maana hadi leo ni zito kulibeba.

Maktaba yetu ilianza na rafu mbili za vitabu katika chumba cha nyuma ya kanisa. Mwishoni mwa miaka ya tisini, marafiki wa usharika walioko ng'ambo walituletea kompyuta moja, printa iliyopiga kelele kama mashine ya kukoboa, paneli ya jua na betri za gari. Fundi alisimika mlingoti nje, akaunganisha kompyuta na simu ya upepo. Mara moja kwa siku, saa sita mchana, kama hapakuwa na radi, mashine ilikoroma kwa dakika chache, ikatuma barua zetu na kuleta za wengine. Maneno wanayotumia vijana sasa hatukuwa nayo. Tuliziita barua za upepo.

Watu walikuja kutoka vijiji vya Ndama na Kihanga kuiona tu. Mzee mmoja alitaka kumwandikia mwanawe aliyekuwa Dar es Salaam. Alianza na salamu za ng'ombe mmoja mmoja, kisha za migomba iliyoangushwa na upepo, na nilipomwomba afupishe alinitazama kwa huruma akaniuliza kama huo upepo nao huwa unachoka.

Kamati ya maktaba, ambayo mimi nilikuwa katibu wake, ilitunga masharti tukayabandika ukutani. Kila anayetumia mashine aandike katika daftari jina lake kamili, la mzazi wake, kijiji chake, na anamwandikia nani. Barua zote zichapwe na mtunza maktaba, ambaye nilikuwa mimi, na zisomwe kabla ya kutumwa. Siasa zisiandikwe. Mtu asitumie jina la mwingine, wala asiandike bila jina. Anwani ilikuwa moja kwa usharika wote, na kila barua iliyoingia ilipita mikononi mwangu.

Masharti yale yalikuwa na sababu. Miaka michache kabla ya mashine kuja, watu walipovuka mto Kagera kwa maelfu kukimbia mauaji, wilaya yetu ilijaa kambi. Kambi zilipofungwa na watu kurudishwa, wengine hawakurudi. Walijificha vijijini, wakalima vibanja vya watu kwa chakula na mahali pa kulala. Viongozi wa serikali walikuwa wakiwatafuta, nao walituasa watu wa makanisa tuwe macho na wanaowasiliana na ng'ambo ya mpaka. Niliona ni jambo la haki. Niliona pia kwamba mtu mwema hana haja ya kuficha jina lake.

Mama ninayemsimulia alikuja maktaba siku ya kazi, wakati wa palizi, jembe likiwa bado begani. Nilimfahamu kwa sura. Alikuwa akikaa Chonyonyo kwa bibi mmoja mjane, akimlimia kibanja cha migomba na kahawa, na Jumapili alikaa benchi la nyuma na mtoto wa kike wa miaka kama mitano. Alisema ametoka Ngara, na kwa kuwa Kihangaza cha Ngara kinafanana na lugha za ng'ambo, matamshi yake hayakumshangaza mtu. Watu walimwita Mhangaza, basi.

Aliliacha jembe nje, akaingia akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, mwinjilisti."

"Marahaba, mama. Karibu ukae."

Hakukaa. Alisoma masharti yaliyo ukutani polepole, midomo ikicheza, hadi mwisho. Ndipo nilipojua kwamba amesoma shule, kwani alikuwa amewaambia watu hajui kusoma.

"Hiyo mashine," akasema, "inaweza kuuliza bila kusema ni nani anayeuliza?"

Nilimjibu kwamba haiwezi. Halikuwa jibu la kweli. Mashine ingetuma lolote ambalo ningeligonga kwa vidole vyangu. Aliyekuwa hawezi ni mimi.

Alikaa sasa, akanieleza. Alikuwa na binti wa kwanza. Walipotezana safarini, binti akiwa na miaka kumi na mmoja, na tangu hapo hakuwahi kusikia neno. Alikuwa amesikia kwa watu wa kambini kwamba kuna ofisi inayokusanya majina ya watoto waliopotea na kuyapeleka makanisani na kwenye vituo vya nchi zote za jirani. Alitaka nitume jina la binti, umri wake, na alama ya moto aliyokuwa nayo kwenye kiwiko cha kushoto. Jibu lije kwa anwani ya usharika. Jina lake yeye lisiwepo popote.

Nilimuuliza sababu. Akasema kwamba hakutoka Ngara. Nilikuwa nimeshaelewa. Akasema wakimjua watamrudisha, na kule alikotoka wanaokaa sasa katika nyumba yake wanajua alichokiona, na wasingependa aishi akakisema.

"Sikuombi udanganye," alisema. "Nakuomba unyamaze tu. Andika: mama anatafuta mtoto wake. Si kweli hiyo?"

Ilikuwa kweli. Mpaka leo nikilisoma agano lolote sioni mahali ambapo sentensi ile ingekuwa dhambi. Lakini nilikuwa nimefundishwa kushika sharti dogo ili nisizoee kuvunja kubwa, na mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa nimeyabandika yale masharti. Nilimwambia nitazungumza na mchungaji. Mchungaji alikuwa mtu mpole mwenye shughuli nyingi. Alinisikiliza akiwa amesimama, akasema kamati imeamua, na kwamba barua isiyo na jina ikikamatwa kanisa zima litaulizwa.

Aliporudi wiki iliyofuata nilimpa jibu hilo. Nilimwahidi jambo moja: daftari litakaa ndani ya sanduku lenye kufuli, ufunguo shingoni mwangu, na hakuna jicho lingine litakaloliona. Nilisema kwa moyo wote. Alinitazama kama mtu anayepima kina cha maji kabla ya kuweka mguu. Kisha akachukua kalamu, akaandika jina lake, la baba yake, na kilima alichozaliwa. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wangu. Nilichapa barua nikiweka jina hilo chini, kama masharti yalivyotaka, na saa sita ikaenda.

Miezi ikapita. Kila Jumapili aliposalimia hakuuliza kitu. Aliangalia mikono yangu tu, nami nilitikisa kichwa kidogo, akaenda zake. Daftari nililitunza kama nilivyoahidi. Hata mwenyekiti wa kamati alipotaka kulikagua nilimpa sababu mpaka akachoka.

Jibu lilikuja Ijumaa moja ya mvua za vuli. Printa ilipoanza kupiga kelele nilikuwa nikipanga vitabu vya nyimbo. Binti alikuwa hai. Alikuwa katika kituo cha watoto upande wa Uganda, na mtu wa ofisi ya kituo alikuwa amemchapia maneno yake katika Kiswahili cha shida. Aliandika kwamba ule moto wa kiwiko bado upo. Aliuliza kama mdogo wake alinusurika, na kama ameota meno yote. Alisema: mama, usiondoke hapo ulipo, nitakuja. Juu kabisa, kama anwani, palikuwa na jina la mama yake kwa ukamilifu, na la babu yake, na lile la kilima.

Nilipiga magoti palepale sakafuni nikamshukuru Mungu. Nilifikiria kwenda Chonyonyo siku hiyo, lakini mto ulikuwa umefunika daraja. Jumamosi nilikuwa na mazishi. Nikajiambia Jumapili haiko mbali, na furaha ya namna hii inastahili kupokelewa na watu wote. Sikufikiri kwamba navunja ahadi. Ahadi ilikuwa ya daftari, na daftari lilikuwa ndani ya sanduku. Anayeshangaa jinsi mtu mzima anavyoweza kufikiri hivyo, ajue kwamba kwa miaka ishirini sikuwahi kumkabidhi mtu barua kwa siri. Kufanya hivyo kungekuwa kama kula umejifungia.

Baada ya matangazo nilisimama mlangoni. Palikuwa na barua tano. Niliita nne, watu wakasimama, Mungu akasifiwa. Kisha nikaita jina lake.

Hakuna aliyesimama. Kanisani hapakuwa na aliyelijua jina lile. Niliona vichwa vikigeuka, watu wakiulizana huyu ni wa kitongoji gani. Niliita mara ya pili. Yeye alikuwa benchi la nyuma, hatua tatu kutoka nilipo, amemshika mtoto mapajani, anatazama sakafu. Nilidhani furaha imemlemea. Niliita mara ya tatu, na alipozidi kuinama nikafanya lile ambalo hakuna sharti lililonitaka nilifanye. Nilinyoosha mkono kumwelekea.

"Simama, mama. Ni yako. Binti yako yuko hai, yuko Uganda."

Watu walianza kupiga makofi. Mama mmoja akaanzisha wimbo wa shukrani. Yeye aliinuka taratibu, akamweka mtoto kiunoni, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu siku ya kalamu. Wimbo ukafifia.

"Si yangu, mwinjilisti," akasema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. "Mimi sina binti mwingine. Ninaye huyu mmoja."

Akakaa tena. Mimi nilibaki na karatasi mkononi. Mbele upande wa wanaume alikuwepo balozi wetu wa nyumba kumi, mtu asiye mbaya, mwenye kupenda mambo yakae sawa. Alikuwa amegeuka mwili mzima, na niliona jinsi alivyokuwa akilirudia lile jina kimoyomoyo asilisahau.

Nje, baada ya ibada, nilijaribu kumfikia. Kina mama walikuwa wamemzunguka. Mmoja alikuwa akicheka, akisema kumbe Mhangaza wetu ana jina la kuvukia mto. Mwingine akamwambia aache utani, kisha yeye mwenyewe akauliza mtoto wa Uganda ni wa baba yupi. Naye alicheka pamoja nao. Nilipomkaribia na karatasi ndani ya mfuko wa koti alitikisa kichwa kidogo, kama nilivyokuwa nikimtikisia mimi Jumapili zote zile. Nilielewa kwamba nikimpa mbele yao nitakuwa nimeshuhudia mara ya pili. Nikarudi ndani.

Jumatatu asubuhi nilikwenda Chonyonyo. Bibi mjane alikuwa amekaa mlangoni na kikapu cha maharage mapajani, bila kuyachambua. Nilimwamkia, akaitikia bila kuinua macho. Alinieleza kwamba balozi alifika Jumapili jioni, akauliza kwa heshima sana, akasema atarudi kesho na mtendaji waandike vizuri. Asubuhi, bibi alipoamka, jiko lilikuwa limeshawashwa, maji yametekwa, na ile sehemu ya shamba iliyobaki haijapaliliwa ilikuwa imepaliliwa nusu. Nguo zao mbili tatu hazikuwepo. Bibi hakujua wameelekea wapi.

"Alinipikia uji, waitu," alisema, akiniita kwa heshima ya kwetu. "Mtu anayekimbia anapika uji?"

Mtendaji alikuja na mgambo mchana. Walimkosa, wakamhoji bibi kwa muda mrefu, wakanihoji na mimi. Waliomba daftari, nikafungua sanduku nikawapa. Halikuwa na siri tena.

Nilijaribu kuuliza kwa wachungaji wa sharika za Kyerwa, kwa wachuuzi wa ndizi, kwa wanawake wanaouza sufuria minadani. Kila mtu nilimwambia tu kwamba namtafuta mama mwenye mtoto wa miaka mitano. Sikutaja jina. Hakuna aliyewaona kwa macho yake. Wengine walisema walionekana wakielekea ziwani, wengine mpakani. Sikupata habari ya kuaminika hata moja.

Kwa binti nilichelewa kujibu majuma matatu. Mwisho niliandika kwamba mama yake alikuwa hapa akiwa mzima, na mdogo wake pia, na meno yote ameota. Niliandika kwamba wameondoka, na kwamba chanzo ni mimi, kwa kuwa niliita jina lake mbele za watu ilhali aliniomba lisijulikane. Nikaeleza yote isipokuwa yale maneno aliyonijibu kanisani. Mahali pake niliandika kwamba aliposikia habari alikaa kimya. Huo ulikuwa uongo wangu wa kwanza kupita katika mashine ile, na nilitia jina langu chini kama masharti yalivyotaka.

Jibu lilikuja baada ya siku nne.

"Mama yangu hakuwa mtu wa kukaa kimya," aliandika. "Niambie alisema nini."

Nilikaa na karatasi hiyo siku mbili. Niliomba. Sikupewa njia nyingine, basi nikaandika maneno yake kama yalivyotoka: si yangu, sina binti mwingine, ninaye huyu mmoja. Saa sita ikafika, mashine ikakoroma, yakaenda. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi ya sakristia, na nilidhani sitasikia tena kutoka kwake, na kwamba nimewapoteza wote wawili kwa mdomo uleule.

Aliandika tena. Barua ilikuwa ndefu kuliko zote, na aliyeichapa alikuwa ameacha makosa mengi, kana kwamba binti alikuwa akisema haraka. Alisimulia kwamba siku waliyopotezana walikuwa wamefika kwenye kizuizi cha barabarani. Wenye mapanga walikuwa na orodha ya familia yao. Walipomuuliza mama yake kuhusu msichana aliyekuwa nyuma yake, mama alijibu bila kugeuka kwamba si wake, kwamba ni mtoto tu aliyewafuata njiani. Wakamfukuza msichana kwa fimbo arudi alikotoka. Ndivyo alivyopona. Mama na mdogo wake walisukumwa upande mwingine, na hakuwaona tena, na alikuwa amewahesabu kuwa wafu hadi barua yangu ya kwanza ilipofika.

"Ni yeye," aliandika. "Sasa sina shaka kwamba ni yeye. Asante kwa kunipa maneno yake."

Sikustahili asante ile, na sikuikataa pia. Nilimshukuru Mungu kwa ajili yake, nikamshukuru kwa uji uliopikwa asubuhi ile, na kwa maji yaliyotekwa. Mengine nilimwachia Yeye kwa sababu sikuwa na pa kuyaweka. Katika kikao cha kamati niliomba barua za upepo zisiitwe tena mlangoni na watu waruhusiwe kuandika bila jina. La kwanza walilikubali. La pili walisema litajadiliwa, na kabla halijajadiliwa betri zilikufa na fundi hakurudi.

Katika barua yake ya mwisho binti aliomba jambo moja. Kama mama yake atapita tena kwa yule bibi, hata baada ya miaka, akute maneno yake pale. Nilizichukua karatasi zake zote, nikazifunga kwenye nailoni, nikaenda nazo Chonyonyo kwa miguu. Bibi alizipokea akazigeuzageuza. Hakujua kusoma, na aliniambia hawezi kutunza kitu asichokijua. Basi nilifunga mlango, nikakaa kwenye kigoda karibu yake, nikamsomea kwa sauti ya chini tangu mwanzo. Nilipofika mahali pa meno ya mtoto alinishika mkono nisite. Alisema yule mtoto, siku waliyoondoka, jino moja la mbele lilikuwa limeanza kulegea, na kwamba ingefaa mtu amwandikie dada yake hilo. Kisha akaniambia niendelee.